Jina ya Baba kwenye Chuma

Phoenix, Arizona
Tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Kwa Mama Constance, muji wa Baraka

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana. Habari ya huko, habari ya ile kifua iliyokusumbua wakati wa mvua, habari ya dada yangu, yaya Divine, na tumbo yake? Sisi huku tuko bazima, Mungu anatuchunga. Baridi imeisha, joto inaanza, na joto ya Phoenix nilishakuambia: muntu anaoga jasho bila kuona maji.

Fanny bibi yangu naye iko na mimba kama yaya. Daktari anasema ni muvulana. Jina tumeshachagua: Jayden. Usishituke, Mama. Huku nikisema Isidore kama baba, bantu banauliza tena na tena, na bado banaandika vibaya. Mimi mwenyewe Jérémie nimegeuka Jeremy. Sitaki mutoto wangu achekwe ku masomo.

Lakini jina ya baba sijaisahau, na njo sababu ninakuandikia. Unajua ninakusanya zile bunduki za mukono, revolva. Huku haiko kosa, sheria inaruhusu. Bazee ba heshima banaziweka ndani ya kioo kama vile huko munaweka masahani ya harusi. Sasa ninataka mbili za mudomo mufupi: moja ya kutembea nayo kazini, ingine ya kuweka. Ziko namna mbili. Kuna ile ambayo chuma imetiwa dawa mpaka imekuwa buluu-nyeusi, na mupini ya mbao. Inapendeza kabisa, ila jasho ikiigusa inashika kutu. Na kuna ya inoksi, nyeupe kama sufuria mupya. Haiogopi jasho wala mvua, lakini haina ule uzuri. Kuna fundi anachora jina kwa chuma, na ninataka achore ISIDORE. Mutoto atakufa siku moja kama sisi bote, lakini chuma itabaki miaka mia.

Kwetu mujane njo anachunga jina ya bwana yake, na haitoki bila yeye kuitoa. Basi nitolee, Mama. Ichorwe kwa ile ya buluu ao kwa inoksi?

Mutoto wako,
Jérémie


Baraka
Tarehe 2 mwezi wa tatu 2024

Jérémie mwanangu,

Salamu kwako na kwa Fanny. Kifua imepoa. Divine iko muzima, anatembea akishika kiuno. Samaki ya mukeke imekuwa ya shida ku soko lakini majani ya sombe haikosi. Salamu zimeisha. Sasa ikala chini.

Divine alinisomea barua yako nikafikiri anasoma vibaya. Nikamunyanganya, nikavaa miwani, nikaisoma mwenyewe. Kumbe ilikuwa vile vile. Jayden ni nani? Tuko na undugu gani na Jayden? Mutoto mwenye damu anapewa jina ya kuokota, na jina ya bwana yangu unaipelekea chuma! Hata mulevi wa lotoko, akilala mu mutaro, hawezi kuwaza neno kama ile.

Na unaniuliza rangi. Mimi Constance nikuchagulie rangi ya bunduki, sawa vile tuko ku soko tunachagua kikwembe. Huku bunduki tunazijua bila kuzinunua. Zinapita mbele ya mulango, zinaomba maji ya kunywa, siku ingine zinaingia kanisani zinakaa ku benchi ya nyuma. Sijauliza hata siku moja kama ile iko buluu ao nyeupe.

Sikia sasa neno ambayo sikupenda kukuambia kwa telefone. Siku zote nilisema vita njo ilimuchukua baba yako. Vita haina mukono, Jérémie. Alikuwa muntu. Tulikuwa tunarudia Baraka, we uko mugongoni mwangu, Divine anashika kikwembe yangu. Karibu ya Swima tukakuta barrière, njia imefungwa. Baaskari balikuwa na bunduki ndefu, lakini mukubwa wao alishika ile ya mudomo mufupi, ile unayokusanya. Alitaka baiskeli. Baba yako akamuambia, "Mukubwa, niko na batoto. Hii baiskeli njo miguu yetu." Alisema kwa heshima, hata kofia alivua. Ule muntu akamupiga risasi. Akapanda baiskeli, akaenda.

Basi, umeomba jina, na jibu ni hii. Mupe mutoto jina ya babu yake, ao uache jina ilale na mimi mpaka nitakapomufuata mwenyewe. Lakini kwa bunduki, hapana. Wala ya buluu, wala ya inoksi. Sitoi.

Mama yako,
Constance


Phoenix
Tarehe 20 mwezi wa ine 2024

Mama,

Jambo. Ninatumaini hii barua inakukuta muzima, na yaya pia. Sisi tuko, ila mimi silali vizuri tangu barua yako.

Nililia, sikufichi. Lakini unanikaripia sawa vile mimi njo nilishika bunduki pale barrière. Unajua kazi yangu ni gani? Ninauzisha ku stasio ya mafuta, peke yangu nyuma ya kioo. Mwaka jana, nilipotoka kufunga, muntu aliniwekea bunduki hapa, chini ya sikio, kwa ajili ya sigara. Sikukuambia kwa sababu ungelia. Sasa Fanny iko na mimba, na we unataka nisimame pale mikono mitupu kama baba? Heshima ya baba ilimusaidia nini? Kofia alivua, na bado alikufa. Mimi sitakufa na kofia mukononi.

Nimechukua ya inoksi kwa kutembea nayo. Ile haina jina, nimekusikia. Lakini kwa ingine, Mama, nisamehe. Nilikuwa nimeshamuambia fundi aanze. Nilijua utakubali. Siku zote ukisema hapana mara ya kwanza unakubali ya pili. Barua yako ilipofika, kazi ilikuwa imeisha. Nilichagua ile ya buluu kwa sababu inalala ndani ya kioo, jasho haitaifikia. Haitapiga hata risasi moja. Ile ya Swima ilikuwa ya kuua, hii ni ya heshima. Ninakutumia picha uone. Ukiiona roho yako itatulia.

Mutoto wako,
Jérémie


Baraka
Tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Jérémie,

Jambo. Niko muzima. Nilikawia kukujibu kwa sababu nilipanda Fizi kwa baba yako mudogo Bertin, na hapo mbele sikuwa na neno ya kuandika ambayo karatasi ingeibeba.

Divine alikuza picha ku telefone. Chuma buluu-nyeusi, mupini ya mbao. Rangi sikukuambia ile siku, sikupenda itoke kinywani mwangu, na we umeenda kuichagua bila kuambiwa. Njo ile. Siko mujinga, ninajua haiko ile yenyewe, lakini ni tumbo moja na ile. Na pale karibu ya tundu, pale moto inatokea, nimesoma jina ya bwana yangu. Umekwenda kumuandika pale pale alipofia. Unaita ile heshima?

Na unasema nilizoea kukubali ya pili. Ile ilikuwa kwa sukari, kwa viatu, kwa kwenda kuoga ziwani. Nani alikufundisha kwamba mauti ya baba yako ni sukari?

Divine amezaa muvulana. Nilimubeba mpaka Fizi, nikaita jamaa. Bertin alikataa, akasema tungoje mutoto wako, kwa sababu we njo mwana muume na jina ni ya kwako. Nikamuambia mwana muume alishaipatia chuma. Nikatoa jina mbele yao bote, na huyu mutoto anaitwa Isidore.

Kwa hiyo jina iko na mwenyewe sasa. Ananyonya, anakojolea mapaja yangu. Kwetu bantu banasema kila risasi iko na jina ya muntu juu yake. We umeshaandika jina. Kila utakapoangalia ndani ya ile kioo yako, ujue unasoma jina ya mutoto wa dada yako juu ya bunduki. Uiache pale kama roho yako inaweza.

Mujane wa Isidore


Phoenix
Tarehe 28 mwezi wa sita 2024

Mama yangu,

Jambo kwako, jambo kwa yaya na kwa mutoto. Mungu amuchunge akomae.

Siku barua yako ilifika nilichukua ile bunduki nikarudia kwa fundi. Alikataa. Akasema kufuta jina ni kukwangua chuma, na ukikwangua ile buluu inatoka, kitu inabaki na kovu nyeupe, hakuna mukusanyaji atakayeitaka tena. Nikamuambia akwangue. Nilisimama pale mpaka akamaliza. Nilipitisha kidole juu yake, hakuna herufi hata moja.

Lakini kuna neno ingine, na sijui niianze namna gani. Fanny alizaa mbele ya barua yako kufika. Nilikuwa nimemusomea ile ya Swima, na yeye hakutaka kusikia tena habari ya Jayden. Alisema kama chuma inastahili, mutoto anastahili zaidi. Tukamuandikisha ku hospitali: Isidore. Nilitaka kukutumia picha yake siku ya ubatizo ili ufurahi. Halafu nikasoma kwamba jina imeshatoka Fizi, mbele ya jamaa yote. Fanny analia. Anauliza kama mutoto wetu anabeba kitu ya kuiba. Mama, tubadilishe? Niambie tu, nitafanya.

Ile ya inoksi ningali nayo kazini. Sitakudanganya tena.

Mutoto wako,
Jérémie


Baraka
Tarehe 14 mwezi wa saba 2024

Kwa Isidore, Phoenix

Bwana yangu mudogo,

Jambo. Unanyonya vizuri? Unalala, ama unasumbua mama yako kama baba yako alivyonisumbua? Mimi koko yako, mama ya baba yako, niko, magoti tu njo inalalamika.

Barua ya baba yako nimeipata, lakini yeye sisemi naye. Iko bado na ile ingine mufukoni, na hofu yake ninaielewa, lakini roho yangu haijakubali na sijui kama itakubali. Kwa hiyo ninasema na we. Kwa kuwa haujajua kusoma, itabidi yeye akusomee kwa sauti, na asiruke neno.

Sikia hivi. Jina ya babu yako haiko bugali ya sahani moja, eti mwenzako akimega we unalala njaa. Niliitoa kwa mutoto wa Divine kwa hasira, na ninaitoa kwako kwa hasira vile vile, kwa sababu ilibidi chuma itangulie ndipo ukumbukwe. Haukuiba. Futa mama yako machozi, umuambie Constance anamushukuru.

Na bazungu bakishindwa kuitamka, bajifunze. Sisi ya kwao tulijifunza.

Tangu Swima, Isidore, nimeita hii jina peke yangu mu nyumba na hakuna mwenye kuitika. Ukikomaa kidogo baba yako akuite, na ukiitika anipigie telefone nisikie. Ile siku nitasema naye.

Bibi yako wa kwanza,
Koko Constance