KIKAO CHA DHARURA KUHUSU MTOTO EDRINE KUPOTEA REJAF SIKU YA SIKUKUU

UMOJA WA WAPANGAJI, UA WA GETI LA BLUU, HAI AMARAT, JUBA

Tarehe: Jumamosi, 4 Januari 2025
Mahali: Barazani kwa Mwenyekiti
Muda wa kuanza: Saa 9:20 alasiri (kiliitishwa saa 8:00)

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Jada – Mwenyekiti
2. Bi. Angella – Makamu Mwenyekiti, mwenye duka la getini
3. Bw. Isaac – Mjumbe, mpakiaji mizigo uwanja wa ndege
4. Mama Sunday – Mjumbe, mwandaaji wa safari ya Rejaf
5. Bi. Janepher – Mpangaji, mama wa mtoto Edrine (miaka minne)
6. Poni Lagu – Kaimu Katibu, mwanafunzi

MWALIKWA: Mama Lako, mkazi wa Rejaf

HAKUHUDHURIA: Bw. Erifazi – Katibu (yuko Entebbe, alitoa taarifa)

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Alieleza kwamba kitaendeshwa kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ambayo kila mjumbe anaijua kidogo na hakuna anayeweza kumzidi mwenzake kwa kelele. Mama Lako angetafsiriwa na Mwenyekiti kutoka Kibari, lugha ya huko Rejaf. Kaimu Katibu alipewa kalamu kwa kuwa alisoma shule ya msingi Kenya. Aliagizwa aandike yote, hata yasiyopendeza.

KUMB. NA. 2/2025: KILICHOTOKEA

Mama Sunday alisoma taarifa ya safari. Tarehe 26 Desemba, watu wazima kumi na wanne na watoto kumi na tisa walikwenda Rejaf kwa gari la kukodi kupumzika kando ya mto. Bi. Janepher hakwenda kwa kuwa ni mpishi hotelini na siku ya sikukuu hapewi ruhusa. Asubuhi alimpandisha mtoto garini, akasema, "Jamani, huyu Edrine wangu," na watu wote wakaitikia.

Baada ya chakula mtoto hakuonekana. Alitafutwa kama nusu saa. Alikutwa kwa Mama Lako, ameogeshwa, amevaa shati la mjukuu wa Mama Lako, anakula samaki na asida, yaani ugali wa huku. Wanawake watano walikwenda kumchukua. Kila mmoja alisema, "Huyo ni mtoto wangu." Mama Lako alikataa kumtoa. Wakamwita mwizi wa watoto. Bw. Isaac alifika, akamvuta mtoto kwa mkono, na beseni la samaki likamwagika mchangani.

Bw. Isaac aliomba neno "akamvuta" liandikwe "akamchukua". Mama Lako, baada ya kutafsiriwa, alisema lilikuwa kuvuta. Neno halikubadilishwa.

KUMB. NA. 3/2025: OMBI LA BI. JANEPHER

Bi. Janepher alisema hakuja kugombana. Ameshafunga vitu vyake. Kesho kuna basi la kwenda Kampala, na kutoka huko atakwenda kwa mama yake Masaka na hatarudi Juba. Kazi ya hotelini ataiacha. Atabaki ikiwa tu kikao kitamtajia jina moja: siku ile, nani alikuwa anamwangalia mtoto wake?

Mwenyekiti alimwuliza kama anataka mtu huyo aadhibiwe. Bi. Janepher alijibu, "Mzee, sitaki kumpiga mtu. Nataka kujua nilimpa nani mtoto. Siku tisa nauliza, kila mtu ananiambia pole."

KUMB. NA. 4/2025: NANI ALIKUWA ANAMWANGALIA MTOTO

Mwenyekiti alieleza kwamba yeye na wenzake wa Juba walikulia ukimbizini Uganda, na kule kambini mtoto hakuwa na mwangalizi mmoja. Alikuwa wa safu nzima ya nyumba. Akikosea kwa jirani alichapwa na jirani, akilala kwa jirani alipewa uji asubuhi. Kwa hiyo jibu lake ni kwamba mtoto aliangaliwa na wote.

Bi. Janepher aliuliza, "Wote ni nani, Mzee? Nikimpigia simu Wote, atapokea?"

Bi. Angella alisema hata kwao Uganda mambo ni mawili. Kijijini mtoto huachwa atembee, mjini hushikwa mkono. Yeye hajui Rejaf ni mjini au kijijini. Kuna mto, lakini pia kuna watu wanaojuana. Alidhani ni kijijini, ndiyo maana hakumshika. Mtoto alipopotea, akaona kwamba ni mjini.

Bw. Isaac alisema, "Mimi iko upande wa wanaume, na wanaume hawaangaliagi watoto." Mama Sunday alimwuliza kama ndiyo maana alipoangalia siku moja alimwaga samaki. Wajumbe walicheka. Bw. Isaac hakucheka.

Mwenyekiti aliwauliza wanawake wawili waliopo, kati ya wale watano, kwa nini kila mmoja alisema mtoto ni wake. Bi. Angella alijibu kwamba hata sasa angesema hivyo. Mtoto wa mwenzako akiwa mikononi mwa mgeni, utasema ni wa nani? Mama Sunday alikubali. Mwenyekiti aliuliza tena: kama alikuwa na mama watano saa nane, kwa nini saa saba hakuwa na hata mmoja? Kaimu Katibu aliacha mistari miwili wazi ili jibu likipatikana liandikwe, lakini halikupatikana.

KUMB. NA. 5/2025: MANENO YA MAMA LAKO

Bw. Isaac alitakiwa kuomba radhi. Alisimama, akasema "malesh" akitazama ukuta. Mwenyekiti alimtaka aseme tena akimtazama mama. Alisema tena vizuri, na akamwita mama yangu.

Mama Lako alisema samaki walioshwa na wakaliwa. Kilichomuuma ni kuitwa mwizi. Alimkuta mtoto peke yake kwenye njia ya mtoni, suruali imelowa hadi magotini. Kwao, mtoto wa namna hiyo huogeshwa na kulishwa kwanza, halafu husubiriwa mwenyewe. Hakuna anayeuliza kama inaruhusiwa. Lakini walipokuja mama watano aliogopa. Alijisemea, mtoto mmoja hatoki matumbo matano, labda hawa ndio wezi. Ndiyo maana alikataa.

Bi. Janepher aliondoka kwenye kiti chake, akapiga magoti mbele ya Mama Lako kama wanavyofanya kwao, akamshukuru. Alimwambia, "Wewe ndiye wa kwanza kutaka kujua mama yake ni nani."

Mama Lako aliongeza kwamba wakati mtoto anakula alimwuliza kwa Kiarabu cha Juba amekuja na nani. Mtoto alitaja jina moja tu. Mwenyekiti alimwomba alirudie jina hilo kabla ya kutafsiri. Kisha akasema jina ni Poni.

Bw. Isaac alisema akina Poni wamejaa Juba nzima. Mama Sunday alitazama orodha yake, akasema kwenye gari lile alikuwepo mmoja.

KUMB. NA. 6/2025: KAMA KAIMU KATIBU NI MTOTO AU MTU MZIMA

Mwenyekiti aliuliza kama Kaimu Katibu anataka kumpa mwingine kalamu. Kaimu Katibu alisema ataendelea kuandika.

Kaimu Katibu alieleza kwamba alimshika Edrine tangu walipofika. Walihesabu mitumbwi na kurusha mawe. Baada ya kula aliitwa kuosha masufuria. Alimrudisha mtoto kwenye mkeka wa kina mama, akasema, "Edrine yuko hapa." Wote mkekani waliitikia "sawa". Aliporudi na masufuria, mtoto hakuwepo. Siku zote tisa hakusema kwa sababu waliulizwa watu wazima tu, yeye hakuulizwa, na pia kwa sababu aliogopa.

Bi. Angella alisema basi jina limepatikana. Mama Sunday alipinga. Kaimu Katibu ana miaka kumi na mitano, na garini aliandikwa kwenye orodha ya watoto. Kumlaumu ni kulaumu mtoto kwa kupoteza mtoto. Bi. Angella aliuliza, mtoto gani huachiwa masufuria ya watu thelathini na watatu? Bw. Isaac alisema chakula Kaimu Katibu alikula kwenye sinia la watoto, aliona mwenyewe. Mwenyekiti alisema hata hivyo leo amepewa kalamu, na kalamu hapewi mtoto.

Wajumbe walijadiliana kwa muda mrefu na wakachanganyikiwa. Kura zilipigwa. Mtoto: mbili. Mtu mzima: mbili. Bi. Janepher hakupiga kura kwa kuwa si mjumbe, na Kaimu Katibu kwa kuwa hakujua.

Mama Lako aliomba kuuliza jambo moja: mama wa Poni alikuwa wapi siku hiyo? Ilielezwa kwamba yuko Kampala na wadogo zake Poni, na baba yake ni dereva wa lori njia ya Nimule, hurudi mara moja kwa wiki. Mama Lako aliuliza, wakati hayupo binti analala na nani? Mwenyekiti alijibu kwamba ua mzima upo. Halafu akasema, "Khalas, inatosha, nimesikia nilichosema."

Bi. Janepher alisema, "Nilitaka jina. Sikutaka jina hili." Mwenyekiti aliagiza jina la Kaimu Katibu lifutwe katika kumbukumbu. Kaimu Katibu aliomba libaki, kwa sababu kila kitu kilichosemwa juu yake ni kweli. Lilibaki.

KUMB. NA. 7/2025: MAAZIMIO

(a) Kuanzia sasa, safari ikiwepo au shule zikifungwa, kila mtoto wa ua huu ataandikiwa mtu mmoja kwa jina. Mtu huyo akiitwa kazi nyingine atamkabidhi mtoto kwa mtu mwingine mmoja, si kwa mkeka.

(b) Mama Sunday na Bw. Isaac watakwenda Rejaf kurudisha shati la mjukuu na kuwaeleza majirani wa Mama Lako kwamba yeye si mwizi.

Orodha ya watoto ilianza kuandikwa palepale. Ilipofika kwa Edrine, Mwenyekiti alisema huenda haina haja kwa kuwa anasafiri. Bi. Janepher alisema, "Andika. Edrine, mwangalizi wake Poni. Ni yeye mtoto alimtaja." Kisha akasema Poni naye aandikwe kwenye orodha hiyohiyo, na apewe mtu.

Wajumbe walisema, "Sisi wote tupo." Bi. Janepher alisema hilo ndilo jibu la Rejaf, yeye anaomba jina. Kaimu Katibu alisubiri na kalamu.

Bi. Janepher alisema, "Basi andika Janepher."

Mwenyekiti alimwuliza, na basi la kesho? Bi. Janepher alijibu kwamba mtu aliyeandikiwa mtoto hahami. Aliomba asaidiwe kufungua mizigo, na Bw. Isaac alisema ataibeba.

KUMB. NA. 8/2025: KUFUNGA KIKAO

Mama Lako aliomba sala ya mwisho kwa Kibari. Haikutafsiriwa. Watu walitawanyika saa 11:45 jioni.

Jada .......................... Mwenyekiti

Poni Lagu .......................... Kaimu Katibu