Udongo Wangu na Kopo la Mama Rispa

Jumanne.

Huu mdomo wangu. Hadithi ya chui niliyempiga kofi haijawahi kuumiza mtu, lakini hii ya udongo…

Mpwa wangu Nafula, msomi wa chuo, alipata kwenye shamba langu la miwa bakteria wanaotoa sumu inayoshika nyuzi za ndani ya seli, hata seli za saratani zishindwe kugawanyika. Mimi sokoni Navakholo nikasema udongo wenyewe unaponya.

Leo jirani yangu Mama Rispa, mwenye uvimbe kwenye titi, akaja na kopo kuchota udongo huo. Kliniki ameacha kwenda.

"Mjomba, atakunywa udongo wenye mbolea ya mavi ya ng'ombe tu," Nafula akaninong'oneza.

Nikakiri kwamba nilidanganya. Mama Rispa alinitukana mpaka kuku wakatawanyika, kisha akakubali nimpeleke kliniki kesho.

Lakini chui nilimpiga kweli.