Kona ya Mama Mkwe

3 Februari

Kwa mpwa wangu Kimya,

U hali gani huko shuleni? Sisi wazima. Mama yako kifua kimemwachia. Mimi ni yule yule, grisi hadi kwenye viwiko, kwa hiyo ukiona dole gumba jeusi kwenye karatasi hii usishangae.

Nina kazi kwako. Wageni wenye baiskeli za mbio wamekuwa wengi hapa karakana, wanaulizia njia za milimani, na wanasoma ile lugha yenu ya pili ya shuleni tu. Nimeandika njia yangu ya kilomita arobaini na moja. Wageuzie kwa lugha hiyo. Yote iko kwenye bahasha, ila hiki kipande kishike sana:

"Ukimaliza mipando mitatu utafika Shingo, barabara inapopenya katikati ya milima miwili. Kunywa maji, funga koti. Kisha unashuka kilomita sita. Baada ya daraja dogo kuna kona ya Mama Mkwe. Hapo hupiti kifua mbele. Shika breki mapema, inama, pita kwa adabu, maana ukimkosea huyu mama hakuna wa kukuombea radhi."

Usinipunguzie hata neno.

Mjomba wako

19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini hujambo na mikono imetakata. Mimi sijambo, ila bado nikiitwa ubaoni sauti inakauka.

Kazi yako ni hii hapa. Nimeichapa kwenye kompyuta ya maktaba. Nimeinyoosha kidogo ili isomeke vizuri. Mwalimu wa lugha kaisoma, kasema ina ufasaha wa mtu mzima! Nilifurahi hadi chakula cha mchana kikanishinda.

Mpwa wako,
Kimya

11 Aprili

Kimya mwanangu,

Marahaba. Pole na masomo. Afya tunayo, ila moyo hauna raha.

Jumamosi walikuja wageni wawili, nesi na mwenzake. Niliwajazia upepo, nikawapa karatasi yetu, wakaondoka wanacheka. Saa sita mchana dereva wa lori la mchanga akaja mbio: "Fundi, mgeni wako yuko korongoni!" Nesi alifika kwa Mama Mkwe kwa kasi yote ya mteremko. Amevunjika nyonga. Yu hai, lakini daktari hajui kama atapanda baiskeli tena.

Mwenzake alikuwa ananionyesha ile karatasi, anaigonga kwa kidole, anatikisa kichwa. Nikamwelewa. Niliandika utani mahali pa kuandika hatari. Mtu asiyejua mkwe ni nani kwetu, atamwogopaje? Ulimi wangu huu, mama yako alinionya tangu utotoni.

Karatasi zilizobaki nimezichoma. Sitaelekeza mtu tena, nitaziba pancha tu. Wewe usijisumbue, kazi yako uliifanya vizuri.

Mjomba wako

25 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Pole sana kwa yaliyotokea. Ajali haina mwenyewe. Huku tumeanza mitihani na mvua inanyesha kila jioni, nguo hazikauki. Msalimie mama.

Mpwa wako,
Kimya

8 Juni

Kwa mpwa wangu,

Mitihani ilikwendaje? Sisi tupo.

Mwenzake aliniachia anwani ya nesi, nimeiweka humu. Nimechana karatasi nne, hii ya tano nimeikubali. Naomba umgeuzie:

"Mama nesi, mimi ndiye fundi. Barabara ile nimeipanda miaka ishirini na mbili na najua inapouma. Nilijifanya mchekeshaji, ukaumia wewe. Kosa ni langu peke yangu. Nakuomba radhi."

Basi. Fupi, lakini imenitoa jasho kuliko Shingo.

Mjomba wako

30 Juni

Shikamoo Mjomba,

Sijui hali yako, na sistahili kuiuliza. Barua yako kwa nesi sijaigeuza. Nimekaa nayo wiki mbili ndani ya daftari la jiografia. Kila nikifika kwenye "kosa ni langu peke yangu" kalamu inagoma.

Mama Mkwe hayumo kwenye karatasi ile, Mjomba. Nilimtoa.

Nilikuwa nimeshamwandika. Msichana mmoja wa bweni letu akasoma begani kwangu, akapiga kelele maktaba nzima isikie: "Eti mama mkwe kakaa katikati ya lami! Mjomba wako anauza baiskeli au anauza vichekesho?" Wakacheka wote. Unajua nikichekwa ninavyokuwa, nataka sakafu inimeze. Nikafuta. Sikufuta jina tu, nilifuta kona nzima, na breki, na kuinama. Nikaandika kwamba baada ya Shingo kuna "mteremko mzuri wa kilomita sita hadi bondeni". Nilikwambia nimeinyoosha, na kweli niliinyoosha. Kwa karatasi yangu barabara ile haina kona hata moja. Sentensi aliyoisifu mwalimu kuliko zote ni hiyo hiyo.

Uliponiandikia habari ya ajali nilijua kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Nikakuandikia habari za nguo zisizokauka. Nilijiambia nitasema mitihani ikiisha. Ikaisha. Nilikuwa naogopa usije ukaacha kuniita mwanangu. Wakati huo wewe unachoma karatasi na kuulaumu ulimi wako, na ulimi wako haukukosea neno.

Nesi nimemwandikia mwenyewe, kwa jina langu, nikamweleza hivi hivi. Nimempa anwani ya karakana, maana mwenye haki ya kujibiwa ni wewe.

Nisamehe, Mjomba. Au nigombeze, ila niandikie.

Mpwa wako,
Kimya

4 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Natumaini wote hamjambo. Kila Ijumaa naenda kuangalia barua, matroni ananiona kwa mbali ananitikisia kichwa. Tunafunga shule mwezi ujao. Sijui nije karakana au nipitilize kwa mama. Neno moja tu linatosha.

Mpwa wako,
Kimya

2 Septemba

Kimya,

Marahaba. Hatujambo.

Barua zako zote mbili zilifika. Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kikali, na wewe bado mtoto.

Kuchekwa nakuelewa. Hata mimi nimechekwa. Kufuta ningekusamehe siku ile ile, ungeniambia siku ile ile. Lakini kuanzia Aprili hadi Juni nilikuwa naamka najiita muuaji aliyekosa bahati, na wewe unanieleza mvua. Hapo ndipo ninapokwama. Nikidhani nimepita, nikirudi napakuta pale pale.

Njoo, mlango haujafungwa. Utanikuta napaka rangi kibao kikubwa cha kusimamisha pale darajani.

Nesi amejibu. Barua ni ndefu, kurasa tatu, kwa lugha ile. Niliiweka kwenye droo ya spana, nikasema nikungojee ufunge shule unisomee. Nilingoja siku mbili. Siku ya tatu niliitoa, nikapiga pedali hadi mjini, nikampa karani wa posta anisomee.

Mjomba wako