Msiba Upite Mlangoni Kwanza

Mama mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia Neema akiwa mgongoni, ndiyo kwanza amelala. Lile grupu la WhatsApp la ukoo ulilonikabidhi bado lipo, na sheria yako ipo.

Unakumbuka babu alipofariki? Binamu Deo akaweka mishumaa na "Pumzika babu" kabla bibi hajaambiwa. Ukampigia: "Futa hiyo, wewe!" Akafuta. Ikabaki "Ujumbe huu umefutwa", ukoo mzima ukaanza: "Kimefutwa nini? Nani kafa?" Bibi aliyasoma hayo sokoni Mkuyuni, katikati ya wateja wake. Tulimkuta amekaa chini, dagaa zimemwagika, simu bado inalia mkononi. Jioni ile ulisema: "Msiba hauingii kwenye grupu kabla haujapita mlangoni. Mtu aende, amshike mkono mwenzake."

Juzi mume wa mama mdogo ametutoka. Deo na mjomba ndio waliokuwa naye hospitali. Deo akanipigia: "Dada, sijaandika kitu." Nikalifunga grupu papo hapo, asiandike mtu ila mimi. Haikupita muda, mjomba huyo hewani.

"Yaani katoto ka juzi unatufunga midomo wazee?"

"Shikamoo mjomba. Nafungua nikishafika kwa mama mdogo."

"Marahaba. Na mimi nimeshaandika yote, kwa herufi kubwa, haiendi!"

"Ndiyo maana nimefunga, mjomba."

Akaguna, akakata. Nilichoka, mama, usiku kucha Neema alikuwa na homa ya meno. Lakini nilivipanda vile vilima vya mawe vya Kiseke naye mgongoni. Mama mdogo alikuwa anamimina uji kwenye chupa, wa kumpelekea mgonjwa. Nikaishika chupa, nikaiweka chini, nikamshika mikono. Hapo ndipo nikasema. Alilia akiwa ameniegemea mimi, hakuwa na simu mkononi.

Nikafungua grupu, nikaandika ulivyonifundisha: jina kamili, msiba uko wapi, nani apigiwe. Mishumaa hakuna. Mjomba alijibu wa kwanza, kwa herufi ndogo.

Jana, baada ya mazishi, mama mdogo ameniita pembeni. Anataka awe admini na yeye. "Una mtoto mchanga," kasema. "Mlango wa mbali nitakwenda mimi. Miguu bado ninayo."

Nimemweka, mama. Sasa tuko wawili.

Neema ameamka, anataka ziwa. Pumzika kwa amani huko uliko, mama. Nyumba zako tunazibishia hodi.

Mwanao,
Mama Neema