Mti wa Mama Ndani ya Debe

S.L.P. 418,
Eldoret.
Tarehe 3 Novemba, 1985.

Mpendwa ndugu yangu Simeon,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na pole kwa masomo na kwa hilo joto la India unalolilalamikia kila barua. Sisi huku baridi inatupiga na sweta hazivuliwi, kwa hivyo tukikuhurumia ni kwa kujikaza tu. Kifua chako kimepona? Unakula? Usinijibu kwa maneno mawili kama kawaida yako.

Mimi na watoto tu wazima. Duka linakwenda hivyo hivyo. Baba ni mzima wa mwili, lakini moyo wake hauko sawa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu leo badala ya kungoja Krismasi.

Unaikumbuka ile ploti tupu mkabala na duka, ya Mzee Kimeli wa Kapseret, iliyokuwa jaa la takataka. Baada ya kumzika mama, baba alikaa ndani miezi mingi akiangalia ukuta. Mzee Kimeli ndiye aliyemtoa. Alimwambia waisafishe ploti wapate mahali pa kukaa na watu, mpaka siku atakapopata pesa za kujenga. Sharti lilikuwa moja: mtu asipande kitu, maana unajua huku kwetu, aliyepanda mti kesho huja kudai shamba.

Basi majirani walifyeka magugu, wakachoma taka, wakagongomea viti vya mabanzi. Wazee wakawa na drafti yao, akina mama wakasukana nywele, kwaya ikafanyia mazoezi pale. Na vile siku hizi watu watano wakikaa pamoja huulizwa kibali, chifu alikuja kutuchunguza. Baba akamfunga drafti. Tangu hapo chifu akawa anarudi kila Jumamosi kulipiza kisasi, na habari ya kibali ikafa. Baba akaanza kucheka tena, nami nikamshukuru Mungu.

Sasa nikwambie jambo ambalo hatukukuandikia. Yale maparachichi uliyomletea mama hospitalini kabla hujasafiri ndiyo yaliyokuwa chakula chake cha mwisho. Baba alitia kokwa moja mfukoni, akaliotesha kwenye debe la mafuta ya kupikia, akaliweka katikati ya ploti. Alisema debe si ardhi, sharti halijavunjwa. Mzee Kimeli alicheka, akakubali. Mti ukakua mpaka ukampita baba kimo, na watu wakazoea kuuita Wamucii, jina la mama.

Mzee Kimeli alitutoka mwezi wa Agosti. Mwanzoni mwa mwezi uliopita mwanawe Stephen, yule mwalimu wa Moi's Bridge, alikuja na mafundi na mabati ya kuizungushia ploti. Simlaumu. Ni mali yao, na alitupa taarifa mapema. Kila mtu akabeba kiti chake, baba akaenda kuchukua debe. Likakataa kunyanyuka. Chini lilikuwa limeliwa na kutu, na mizizi ilikuwa imeingia ardhini siku nyingi.

Stephen aliangalia, akasema, "Mzee, si baba yangu alisema hakuna kupanda kitu hapa?" Aliuliza kwa heshima tu. Lakini nyuma yetu mtu, sikumwona ni nani, akasema, "Hawa huanzanga hivyo hivyo." Simeon, uso wa baba siwezi kukueleza. Amekaa mji huu tangu kabla hujazaliwa, na bado sisi ni wa kuja.

Aliomba panga. Stephen akamshika mkono: "Wacha, Mzee. Mafundi watachimba pole pole, itoke na mizizi yake."

"Mimi na baba yako tulisikizana, kijana," baba akasema. "Hii mti haiwezi lala hapa leo."

Akapiga magoti, akaikata mizizi chini ya debe, mmoja mmoja. Siku tuliyomzika mama hakulia. Alilia pale, mbele ya mafundi.

Tuliuleta nyumbani kwa mkokoteni. Uko nyuma ya duka, karibu na pipa la maji. Kila asubuhi baba anaumwagilia kabla hajanywa chai, kisha anakaa kando yake peke yake kwenye kiti chake cha mabanzi. Wenzake wa drafti wametawanyika. Dukani hakuna nafasi, na barabarani askari wanafukuza. Watu waliokuwa wakikaa pamoja kila jioni sasa wanapungiana mikono tu, kila mtu na njia yake. Nimeumia kuliko nilivyodhani, kwa ajili ya kipande cha ardhi ambacho hakikuwa chetu.

Majani yameanguka yote. Jumapili iliyopita, baba alipokuwa kanisani, nilikwaruza gome kwa ukucha. Ndani ni kahawia, kavu mpaka chini. Sijamwambia. Maji ya pipa yakiisha, mimi ndiye ninayemjazia.

Dada yetu Nduta na watoto wake wanakusalimu. Mama Chelimo, mjane wa Mzee Kimeli, anakusalimu pia. Hutuletea maziwa kutoka Kapseret na kukaa na baba kidogo, na hakuna kati yao anayetaja ploti. Hata Stephen alipita dukani akanunua sukari, akauliza hali ya mti. Nilimwambia tunangoja.

Na baba anakusalimu sana. Amesema nikuandikie kwamba mti wa mama umeshika vizuri, na kwamba ukirudi utakula matunda yake. Nimeandika kama alivyosema.

Mungu akulinde huko ugenini, akurudishe mapema umkute baba.

Dada yako akupendaye siku zote,
Wacera