Sindano ya Majani

Butembo, tarehe 14 Novemba 2001

Kwako yaya Jean-de-Dieu, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini wewe na wifi Abigaïl mko wazima huko Kampala, na kile kifua chake kimepoa. Sisi tungali hai, na siku hizi kwetu hilo ni jibu kamili. Nisamehe mwandiko. Naandika nimekaa benchini kwenye kituo cha afya, mkono unawasha kwa sindano, na muuguzi hataki niinuke kabla ya nusu saa, maana dawa hii huweza kumgeukia mtu ghafla. Nje Phinées, mfanyabiashara anayekuletea barua hii, anapiga honi. Unanijua, mimi na kutulia hatujawahi kupatana.

Chupa ulizotuma zimefika zikiwa bado baridi ndani ya termosi, na daktari Éliakim amezitia katika friji yake ya petroli. Asante sana. Huko kijijini kwetu Mbau wananicheka bado: vumbi la maua ya majani linanitesa, nami nadungwa vumbi hilo hilo! Daktari husema mwili unafundishwa kidogo kidogo, miaka mitatu, mpaka uache kugombana na majani. Mwanzoni nilidhani ananidanganya.

Unakumbuka kwa nini nilikuomba dawa. Wenye bunduki wakionekana barabarani, sote hukimbilia porini, na majani yakichanua mimi hupiga chafya mpaka machozi. Mwaka jana jirani yetu Vagheni alikuja na kuku mkononi, akasema kwa upole, “Mama Kahongya, tunakupenda sana, mais pua yako itatuua siye bote.” Tangu siku hiyo tulijificha peke yetu, mimi, mtoto, na Nzanzu mume wangu akimbeba mama yake mgongoni. Niliumia, lakini nilimwelewa. Kuku tulimla.

Sindano zilipoanza kufanya kazi, Vagheni mwenyewe alituita turudi kwa wenzetu. Wiki mbili zilizopita wale watu wakaja tena. Tulilala kifudifudi wote pamoja katika majani marefu yaliyochanua, na pua yangu ikatulia kama si yangu. Yaya, nilitaka kucheka kwa furaha.

Ndipo Kahongya akapiga chafya. Mara akapiga ya pili. Nzanzu alimbana mdomo na pua hadi mtoto akaanza kupapatika, na mimi, mama yake, nikamshika miguu. Wale watu walisimama, wakasikiliza, halafu wakaenda zao. Mtoto alipopata pumzi aliniuliza kwa nini nilimshika. Nikampangusa pua kwa kitenge changu.

Daktari anasema ugonjwa huu unaweza kurithiwa, na dawa yangu haigawanywi na mtoto. Yeye angeanza mwanzo kabisa, na miaka yake mitatu. Vagheni hajaja kutuambia tujitenge tena, ila najua atakuja. Hapa Butembo kwa shangazi nako hakuna usalama, watu wanalala migombani. Mama mkwe hawezi kutembea, Nzanzu hawezi kumwacha, nami siwezi kumwacha Nzanzu.

Basi nakwambia waziwazi. Mtoto aliyesimama mbele yako na Phinées hakuja kumsalimia mjomba tu, kama alivyoambiwa. Nimemtuma akae kwenu, naye hajui. Moyo wangu unakatika, lakini huko kwenu mtu akipiga chafya jirani humwambia pole, basi. Mwache apige mchana kweupe, kwa sauti yote aliyo nayo. Usiku msimfunike uso, hataki tena. Akiuliza nitakuja lini, mwambie nakuja, ila usimtajie siku.

Phinées amempandisha garini, sasa anangoja karatasi hii. Nzanzu na mama yake wanawasalimu sana. Mungu awatunze nyote mlio chini ya paa lako, pamoja na huyo mmoja aliyeongezeka.

Ni mimi mdogo wako,
Adèle