Kamera ya Sebuleni Inakatika Mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta mzima, na huo mgongo umekuonea huruma kidogo. Baba naye hajambo? Kikohozi kimemwacha, au bado anakohoa akienda uani ili usimsikie? Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako ameota meno ya chini na amejifunza kuuma, kwa hiyo nikisema hatujambo ujue yeye hajambo zaidi yangu. Anasimama kwa kushika meza, anapiga kelele za kujisifu, kisha anakaa chini kwa kishindo na kunitazama kama mimi ndiye niliyemwangusha.

Usiangalie mwandiko. Shule niliiacha njiani, unajua, na kalamu hii inatema wino inapotaka yenyewe. Ningekupigia simu, lakini simu yako anashika kaka, na kaka ukimpa neno ni sawa na kulibandika mlangoni mwa soko. Tena huku ndani nikiongea kwa simu, mama mkwe anasikia yote. Ndiyo maana naandika. Mama, utasikia jambo kunihusu, na huenda umeshalisikia. Nataka ulipate kwangu tangu mwanzo wake.

Unajua kazi ya baba mtoto. Anakaa kwenye chumba huko mbali, mbele ya skrini nyingi, anatazama picha za kamera za ghala kuanzia anapoingia hadi anapotoka. Wenzake wanamsifu kwamba panya akipita ghalani yeye anajua anaelekea wapi. Basi alipoona kamera zinavyolinda magunia ya watu, akasema na yeye ana mali yake nyumbani, yaani mimi, mtoto na mama yake mzazi. Akamtuma fundi. Fundi mwenyewe watu wanamwita Dari, kwa kuwa hata ukimpa chai anakushukuru huku anatazama juu, anatafuta pa kupitisha waya. Akafunga kamera getini, uani, jikoni na sebuleni. Waya zote zikaingia kwenye mashine ya kurekodi iliyo ndani ya kabati la televisheni. Humo picha zinahifadhiwa, diski ikijaa zile mpya zinafuta za zamani. Na baba mtoto anaziona zote kwenye simu yake, popote alipo.

Mwanzoni nilifurahi, sikufichi. Ile ya sebuleni ina kispika, kwa hiyo sauti yake ilikuwa inatoka ukutani, anamwimbia mtoto, anamsalimia mama yake, ananitania kwamba ugali wa leo umekaa upande. Siku moja jirani alikuja kuazima chekecheke, ukuta ukamwambia karibu shemeji, akaondoka mbio na kuacha kandambili zake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Lakini kicheko kina mwisho wake, mama. Mtoto hana soksi, ukuta unauliza. Nimekaa kidogo nipumzike, ukuta unauliza kama naumwa. Nikitoka getini kununua chumvi simu yake inalia kengele, na nikirudi naulizwa foleni ilikuwa ya chumvi au ya pasipoti. Hasemi kwa ukali. Anasema kwa upendo, na hilo ndilo linalonibana, maana mtu mkali ungemjibu. Nilizoea kunyonyesha nikiwa nimeugeukia ukuta. Nilizoea kujikuna kwa adabu. Na mtoto akiulizwa baba yuko wapi ananyoosha kidole juu, kwenye kile kijicho cheusi.

Nilimwomba mara nyingi aje, hata kwa siku chache. Kila nikimwomba ananiuliza aje kufanya nini na anatuona kila siku. Anasema wenzake wanakaa miezi hawajui mama zao wamelalaje, yeye amemwona wa kwake asubuhi hii hii, amekaa kwenye kiti chake, amenawiri. Akaniuliza kuna nini asichokiona.

Mama yake, ambaye sote tunamwita Bibi tangu mtoto azaliwe, ndiye niliye naye hapa. Nikwambie ukweli, siku hizi za karibuni nilikuwa na kinyongo naye. Zamani tulikuwa tunapika pamoja, ananisema vitunguu vyangu vinene kama vya mtu anayejenga nyumba. Ghafla akaacha kuingia jikoni. Akasema amezeeka sasa, wakati wa kuhudumiwa umefika. Asubuhi namshika bega tunatoka chumbani taratibu kama bibi harusi na msimamizi wake, anaketi kwenye kiti chake cha sebuleni, anajitanda mtandio mpaka mikononi, na hapo hatoki. Maji nimletee, sahani nimletee, rimoti iko hatua moja nimletee. Nikajisemea moyoni kwamba mume ananichunga kwa kamera na mama yake ananichunga kwa kiti.

Halafu kamera ya sebuleni ikaanza kukatika. Kila mchana, mimi nikiwa chumbani namlaza mtoto au uani nafua, picha inakuwa nyeusi, baadaye inarudi yenyewe. Baba mtoto akakosa raha. Akamtuma Dari.

Dari alikuja na ngazi yake nami nikamshikia. Akakata kichwa cha waya akafunga kipya. Akapapasa adapta kama imechemka. Haikusaidia, mchana giza likarudi. Akanieleza namna yao ya kutafuta ubovu. Hawakisii, wanahamisha. Waya wa kamera ya sebuleni akauchomeka kwenye tundu la kamera ya uani, na wa uani kwenye tundu la sebuleni. Giza likihamia kwenye picha ya uani, mbovu ni mashine. Likibaki sebuleni, mbovu ni waya au kamera yenyewe. Likabaki sebuleni. Akahamisha adapta, likabaki. Akahamisha hata kamera zenyewe, akavuta waya mpya kabisa, likabaki. Bibi alikuwa anamtazama tu kutoka kitini, akamuuliza kama anatengeneza au anacheza karata.

Siku aliyomaliza kuhamisha kila kitu, Dari alishuka kwenye ngazi na kwa mara ya kwanza akanitazama mimi badala ya dari. Akasema vifaa ni vizima vyote. Nikamwambia labda panya. Akasema panya anakata, harudishi. Soketi ya kamera iko nyuma ya kiti cha Bibi, pembeni ya pazia la korido, na mtu akisimama koridoni anaifikia swichi bila kuonekana. Akasema samahani dada, aliyenituma lazima nimwambie.

Mimi najua sijazima, lakini ndani ya nyumba watu wazima ni wawili, na Bibi hata kuchaji simu ananipa mimi. Mume wangu angehesabu hesabu gani nyingine? Picha za kabla ya giza nilishaziona kwenye mashine pamoja na Dari. Bibi amekaa, anarekebisha mto wake kwa nyuma, basi, giza. Nilipoukumbuka ule mto, na soketi iliyo nyuma yake, ndipo nikashtuka.

Mchana wa siku hiyo hiyo nilimbeba mtoto mgongoni, nikaenda chumbani kama kawaida, kisha nikarudi peku. Mama, nilimkuta Bibi chini. Amepiga goti moja kati ya kiti na meza, mkono wa kushoto umeng'ang'ania ukingo wa meza, mguu wa kulia unaburuzika nyuma yake kama si wake. Mtandio umeanguka, na mkono wa kulia unaning'inia. Alikuwa anajifundisha kusimama. Meza ile ile, mama. Mahali pale pale anaposhika mtoto.

Nilimwinua, nikamrudisha kitini. Mtoto alidhani ni mchezo, akacheka mgongoni. Bibi alipopata pumzi akaniambia upande wa kulia ulianza kufa ganzi taratibu, akadhani utapona, ukawa unazidi. Kila mchana anazima swichi kwa mkono mzima ili ajizoeshe kutembea, akichoka anarudi kitini na kuwasha. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema kamera inaweka picha. Kuonekana anaburuzika si hoja sana, lakini kuwekwa kwenye mashine anaburuzika, mwanawe akae kazini na kurudisha nyuma atazame tena, hilo hawezi. Nikamwambia twende hospitali. Akakataa katakata. Dada yake aliingia hospitali anatembea, akatoka amebebwa. Nilimsihi mpaka sauti ikanikauka, akaniambia nimwache, mimi ni mtoto. Kisha akaushika mkono wangu akauweka juu ya kichwa cha mjukuu wako, akaniapisha nisimwambie mwanawe.

Nikaapa. Ungekuwa wewe ungefanyaje, mama? Ananitazama na machozi yanamtoka jicho moja.

Jioni baba mtoto akapiga. Hakupitia ukutani, alipiga simu yangu, na sauti ilikuwa ya mtu asiyemfahamu anayeongea naye. Akaniuliza kama ni mimi ninayezima kamera.

Sasa sikiliza hapa, mama, hapa ndipo nilipotaka kufika. Nilikuwa na kiapo upande mmoja na jina langu upande mwingine. Nikiwa bado nimeshika simu nikafikiri kama Dari, kipi hakijahamishwa katika nyumba hii? Kamera imehamishwa, waya, adapta, mashine. Asiyehamishwa ni yeye. Yuko pale pale mbele ya skrini, na Bibi hamsikilizi mtu mwingine yeyote duniani. Kumwomba aje nilishaomba nikachoka. Mume anayetuona kila siku haji. Lakini mume anayeona giza anakuja.

Nikamwambia ndiyo, ni mimi.

Akauliza ni nani anayeingia wakati huo. Akauliza tena, anaingia kwa mlango ule mdogo wa uani ambao kamera haiufikii? Nikamwambia aje aone mwenyewe. Akakata simu. Asubuhi nikafungua kabati nikachomoa mashine nzima, asije akaanza kusitasita. Tangu hapo nyumba iko kimya. Nimejikuna ninavyotaka. Nimekaa chini na mtoto bila soksi zake. Lakini usidhani nimepumua. Ilikuwa kamera inanibana, sasa nimebanwa na neno langu mwenyewe, na siwezi kutoka hata mpaka dukani maana jirani ameshaniuliza kama ni kweli naingiza mwanaume ndani.

Bibi alisikia kila kitu kutoka kitini. Nilipomlisha akanishika gauni kwa mkono wa kushoto, akashika muda mrefu. Sijui kama alikuwa ananishukuru au ananiomba niache.

Baba mtoto ameshaomba ruhusa kazini na yuko njiani, anakuja na baba yake mdogo ili nisemwe mbele ya mkubwa. Amenitumia ujumbe nifunge vitu vyangu. Nimefunga, maana sitaki kumkaidi. Nguo za mtoto nimeziweka juu, iwe rahisi kuzitoa.

Mama, ninalokuomba ni hili. Akikupigia kunishtaki, usinitetee. Usimwambie ulinilea vizuri, wala usilie. Mwambie tu aharakishe afike kwake. Na usimwambie kaka. Kiapo changu kilikuwa cha kutomwambia mwanawe, wewe hukutajwa, lakini kaka akijua ni sawa na mwanawe amejua. Na kama atafika, akaona, na bado neno nililosema likamkaa moyoni, maana mwanaume neno kama lile huwa halimtoki vizuri, basi niwekee nafasi pale kwenye kitanda changu cha zamani. Ninamjua lakini, na nina matumaini. Anayejua panya wa ghala anakopita, akifunguliwa macho ataona.

Barua nampa Dari, ana kazi ya kufunga kamera duka fulani upande wenu. Mpe maji ya kunywa, na asipokutazama usoni usikasirike. Msalimie baba, mwambie anywe dawa mbele yako. Wasalimie wadogo zangu na shangazi, na kaka pia msalimie, salamu tu. Mjukuu wako anakusalimu kwa meno yake yote.

Bibi ameniomba wakifika wamkute kitini, amenyooka, mtandio umemfunika mikono. Nimemwitikia. Nitamwogesha, nitampaka mafuta, nitamkalisha anavyotaka na kumtanda vizuri kabisa. Mwanawe ataingia amekasirika, lakini ni mtoto aliyelelewa, hawezi kuanza na mimi kabla hajamwamkia mama yake. Atainama, atampa mkono wa kulia. Na Bibi itabidi atoe wa kwake.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Mama wa mjukuu wako.